Kabla Bendera Haijapanda

Sheria za kupiga picha kambini niliziandika mimi, na jambo hilo lilinikosesha raha tangu Aprili hadi siku yenyewe.

Karatasi ilikuwa nzuri, nisijidharau. Don Evaristo alitoa nakala mia mbili, akanikabidhi zote na kunisimamisha kwenye kamba inayotenga mahema na watazamaji. Ilisema kwamba kamba si pambo. Ilisema kwamba askari anayeshindilia baruti asiguswe bega ili ageuke, kwamba mtoto asipandishwe juu ya mzinga hata akiulilia, na kwamba mtu aliyekwisha kufa vitani aachwe afe, asiombwe kusogea kidogo upande wa jua. Chini kabisa, kwa herufi nene, ilisema: bendera ikiwa juu, omba ndipo upige, bendera ikiwa chini, kambi ni nyumba ya watu, usipige kabisa.

"Hiyo ya mwisho iandike mara mbili," Don Evaristo aliniambia siku ile naiandika, amesimama nyuma yangu na kibuyu chake cha chai ya yerba. "Kwa ajili ya Doña Herminda. Yule mshenzi aliyempiga picha mwaka jana, nikimtia mkononi nitamfunga kwenye gurudumu la mzinga."

Nikaiandika mara mbili. Mshenzi mwenyewe nilikuwa mimi.

Kila Mei, sisi watu wa Paso Sauce huvaa nguo za mwaka 1813 kwa siku mbili na kuwapiga Wahispania waliopanda mto kuja kuiba ng'ombe wetu. Wahispania wetu hutoka mji wa ng'ambo, wengi wao ni walimu, na huja na jibini tamu sana. Kapteni wetu ni Don Evaristo Lencina, ambaye siku nyingine zote huuza pampu za maji. Wa kwanza kufa ni Tito Balbuena, mwoka mikate. Tito amekufa wa kwanza kwa miaka kumi na moja mfululizo, maana huamka saa tisa usiku kuoka na ikifika mchana anachotaka ni kulala chini. Mwaka mmoja alikoroma, mpaka mwalimu mmoja wa Kihispania akalazimika kumchoma panga mara ya pili.

Na moyo wa kikosi ni Doña Herminda Sotelo. Alifanya kazi posta miaka thelathini na minne, akastaafu, akashika ufunguo wa sanduku letu la nguo. Kila suruali, kila koti, kila shati la kambini limepita mikononi mwake. Mtu mpya akija na sare aliyoshonewa mjini, Doña Herminda huchomoa uzi mmoja, huuchoma kwa kiberiti, hunusa, kisha husema, "Plastiki. Nenda nyumbani." Aliwahi kumrudisha wakili mmoja kwa sababu ya zipu. Wakili alijitetea kwamba zipu iko ndani, nani ataiona? "Mimi nimeiona," alisema Doña Herminda, "na sikuwa hata nikiitafuta."

Watu walimwogopa na kumpenda kwa kiasi kilekile. Mimi nilimpenda zaidi kidogo. Nilipojiunga, nikiwa na miaka ishirini na moja, nikishindwa hata kumwambia mtu jina langu kwa sauti ya kusikika, yeye ndiye aliyenipa sindano na kunikalisha kando yake. Akaniacha ninyamaze. Si wengi wanaojua kumwacha mtu anyamaze.

Sasa nisimulie nilichofanya.

Ilikuwa Jumapili ya Mei iliyopita, alfajiri, bendera bado imekunjwa kwenye sanduku. Nilitoka hemani na kamera kwa sababu ya ukungu wa mtoni. Doña Herminda alikuwa amepiga magoti mbele ya jiko la mawe, anapuliza moto, mashavu yamejaa kama ya mpiga tarumbeta, na moshi ulikuwa ukipanda kupitia mwanga wa kwanza wa jua. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Maneno ya kusema yalikuwa mawili tu, "Doña Herminda, naweza?" Niliyapanga kichwani. Niliyapanga tena. Yakakwama palepale yanapokwama kila siku, na kidole changu, ambacho hakina haya kama mdomo wangu, kikabonyeza.

Jioni nikaiweka kwenye ukurasa wa kikosi mtandaoni. Ukurasa huo watu sita tunao uwezo wa kuweka vitu, na kila kitu hutoka kwa jina la kikosi. Nikaandika chini yake "Moto wa kwanza," nikalala nikiwa na furaha.

Sikuwa nimeangalia miguu yake. Doña Herminda huvimba vidole kwenye baridi, na asubuhi ile, kabla ya kazi kuanza, chini ya sketi yake ya sufu ya 1813 alikuwa amevaa viatu vya plastiki vya rangi ya pinki, vile vyenye matundu. Na puani alikuwa na miwani yake ya plastiki ya kusomea.

Kufikia Jumanne, vikosi vya nchi nzima vilikuwa vimeshaizungushia miguu ile duara jekundu. Watu wetu hawana huruma kwa mambo ya nguo. Kikosi kimoja cha kaskazini kilimtungia cheo, Jenerali wa Matundu. Mwingine aliuliza kama plastiki ilifika mtoni kabla ya uhuru au baada yake. Wakili wa zipu aliituma kwa Doña Herminda mwenyewe, na hakuwa peke yake. Alitumiwa mara kumi na tisa. Niliiondoa Jumatano, lakini kuondoa Jumatano ni sawa na kufunga zizi wakati ng'ombe wako sokoni.

Kila mtu aliamini kwamba mgeni fulani ndiye aliyeipiga, akaituma, na mmoja wetu akaiweka bila kufikiri. Mimi sikusema kitu. Nilijiambia nitasema wiki ijayo. Wiki zilikuwa nyingi.

Tangu hapo Doña Herminda aliacha kulala kambini. Alikuja bendera ikipanda na kuondoka ikishuka, kama mtu wa zamu. Kisha Aprili akatangaza kwamba mwaka huu ni wa mwisho kwake. Jumapili vita vikiisha, atampa Don Evaristo ufunguo wa sanduku. Hatukuamini. Halafu tukaona ameanza kushonea kila vazi kijitambaa chenye jina la mwenyewe, ili atakayemfuata asihangaike kuuliza. Hapo tukaamini.

Kwa hiyo Jumamosi ile nilisimama kwenye kamba na karatasi zangu mia mbili kama mwizi aliyeajiriwa kulinda duka.

Wageni walikuja wengi. Mwanamume mmoja aliinama chini ya kamba na simu yake, nami nikamwendea, nikafungua mdomo kumkataza, nikajikuta nimesema, "Samahani sana."

"Usijali," akanijibu kwa upole, akaendelea na safari yake.

Mama mmoja alitaka askari watabasamu. "Mbona wamenuna hivyo? Si mnacheza tu?"

"Wamepigwa na baridi, señora," nikamwambia, na huo ulikuwa ukweli.

Wasichana watatu wakamwomba Tito picha. Ndani ya kambi yetu, bendera ikiwa juu, hakuna ajuaye picha ni nini, kwa sababu mwaka 1813 haikuwepo. Ukitaka kupiga, unaomba kuchora. Karatasi ilieleza haya yote, lakini wasichana walikuwa wameifanya kofia ya jua.

"Picha?" Tito akashangaa, mkono kifuani. "Ni chakula?"

"Jamani, mzee, picha tu! Ya kumbukumbu!"

"Kama si chakula, sina."

Mmoja akakunjua kofia yake, akasoma, akapandisha kidevu kama bibi wa kifalme. "Bwana askari, naomba nikuchore."

"Haya, sasa tumeelewana," akasema Tito, akasimama wima, akakaza tumbo, akakaa hivyo dakika mbili nzima bila kupepesa, kama ilivyo desturi, mpaka wasichana wakachoka kabla yake.

Nilicheka. Kisha nikamwona Doña Herminda mlangoni mwa hema la jikoni, mgongo umegeukia kamba, anakata maboga ya locro, mchuzi wetu wa mahindi. Siku nzima alikaa hivyo. Kila mgeni alipoinua simu, yeye alikuwa ameshageuka.

Jumapili alikuja mapema kuliko tulivyozoea, anga bado la kijivu, ili aanze kuchemsha mahindi. Tulikuwa tumejikusanya kwenye moto, watu kama kumi na watano, nusu yetu tukiwa na makoti ya siku hizi juu ya mashati ya kale. Ndipo tukasikia sauti ya Tito nyuma ya mahema.

"Nimempata! Don Evaristo! Nimempata na mtambo wake!"

Akatokea akimsukuma kwa upole bwana mmoja mnene mwenye miwani, aliyening'iniza shingoni kamera yenye lenzi ndefu kama mkono. Tulimfahamu kwa sura. Ni señor Basilio Crespi, daktari wa meno kutoka Rosario, ambaye huja kila mwaka na kutuma picha za farasi.

"Nilikuwa natafuta choo," akasema señor Basilio.

"Na lenzi hiyo ya kutafutia choo?" Don Evaristo akauliza. Alikuwa amevaa suruali ya kapteni na fulana ya kampuni ya pampu. "Bendera iko wapi, señor Basilio? Angalia juu. Unaiona?"

"Siioni."

"Huioni kwa sababu haijapanda! Na mwaka jana ulikuwa hapa?"

"Mwaka jana... ndiyo. Nilikuja."

"Jumapili? Asubuhi?"

"Nadhani Jumapili, ndiyo."

Watu wakaguna. Don Evaristo akamgeukia Doña Herminda, aliyekuwa amesimama na mwiko wake mkononi, uso umekuwa mgumu.

"Doña Herminda, huyu hapa. Sema wewe tumfanye nini."

"Mimi?" señor Basilio akalalama. "Mimi nimefanya nini? Mimi napiga picha za farasi! Muulizeni mtu yeyote! Napiga farasi tu!"

"Ni mimi," nikasema.

Hakuna aliyenisikia. Don Evaristo alikuwa anaeleza habari za heshima ya mwanamke na gurudumu la mzinga.

"Ni mimi," nikasema tena.

"Naza anasema kitu," akasema Tito. "Kasema nini?"

"Sijui. Ana baridi labda. Mpeni yerba."

"Picha ya Doña Herminda niliipiga mimi!"

Sauti iliyotoka sikuijua. Ilikuwa kubwa, tena ilipasuka katikati kama ya kuku. Ng'ambo ya uwanja mmoja wa Wahispania akatoa kichwa hemani kuona nani anachinjwa.

Señor Basilio alinitazama kwa macho ya mtu aliyeng'olewa jino bila maumivu.

"Niliipiga mimi," nikarudia, sasa kwa sauti yangu ya kawaida, "na kwenye ukurasa niliiweka mimi. Sikuomba. Sikuona viatu. Niliona moto. Mwaka mzima nimenyamaza. Sheria nimeandika mimi na aliyezivunja ni mimi."

Don Evaristo alinitazama, akatazama gurudumu la mzinga, akanitazama tena. Nadhani alikuwa anapima.

Doña Herminda alinitazama kwa muda ambao sitaki kuurudia, kisha akageuka, akaingia hema la jikoni, na tukasikia mwiko ukigonga sufuria.

"Choo kiko kule, señor," Tito akamwambia daktari wa meno. "Nyuma ya mti wa ceibo."

Hakuna aliyenigombeza, na hilo ndilo lililoumiza. Wakati wa chakula nilikula locro yangu nimesimama kando ya kamba. Niliona kwamba ufunguo bado unaning'inia shingoni mwa Doña Herminda kwa utepe mweusi, na kwamba Don Evaristo kila mara aliuangalia halafu akaangalia sahani.

Saa tisa alasiri ngoma ikapigwa. Watazamaji wakajipanga kwenye mteremko, Wahispania wakashuka kwenye mashua zao, na kazi yangu ilikuwa kukaa upande wa mzinga na kupiga picha za vita vyote tangu mwanzo. Nilikuwa nimeshatoa kifuniko cha lenzi.

"Wewe."

Doña Herminda alikuwa nyuma yangu.

"Njoo na kisanduku chako."

Nikamfuata hadi nyuma ya hema la jikoni, mahali tunapoficha mitungi ya gesi na maboksi. Akakaa juu ya gunia la viazi. Akanionyesha jingine.

"Picha ngapi unazo?"

"Za vita?"

"Zangu."

Kadi ya kamera yangu ni kubwa na mimi sifuti kitu. Miaka mitatu yote imo humo. "Sijui, Doña Herminda. Hamsini. Sitini labda."

"Ulizoomba?"

Nikatikisa kichwa.

"Nione."

Kisha akatia mkono kifuani mwa blauzi yake, akatoa miwani ile ya plastiki na kuivaa. Juu yetu bendera ilikuwa inapepea, na ng'ambo ya turubai kulikuwa na watu elfu moja. Nikawasha kamera.

Tukaanza na ya kwanza. Kwenye mteremko mzinga wa kwanza ukalia, vikombe vikatingishika.

"Futa," akasema.

Nikafuta.

"Futa. Hii nani kanikunja hivi, nimekuwa kama gunia? Futa. Hii... huyu ni marehemu Nélida kando yangu. Niache mimi nifikirie. Hapana, futa, alikuwa hapendi kofia ile. Futa."

Bunduki zilipasuka. Tulisikia watazamaji wakisema "Ooo!" na nikajua Tito amekufa.

"Unakosa vita vyako," akasema bila kuinua macho.

"Ndiyo."

"Endelea."

Tulifika kwenye ile niliyokuwa sijamwonyesha mtu yeyote. Ni ya miaka miwili iliyopita, mchana wa joto la ghafla, Doña Herminda amesinzia kwenye kiti, shati la mtu mapajani, sindano bado kati ya vidole, na kivuli cha majani kimemwangukia usoni. Nilikuwa nimeichagua kwa ajili ya maonyesho ya Julai kwenye ukumbi wa mji. Nilikuwa nimeshaipimia fremu.

"Futa," akasema.

"Doña Herminda, hii ni nzuri sana."

"Nzuri kwa nani?"

"Ona mwanga ulivyo hapa usoni."

"Mwanga ni wa jua. Mdomo ulio wazi ni wangu."

Nilitaka kusema mengi. Nilisoma miaka mitatu chuoni mambo ya mwanga, nina maneno mengi kuhusu mwanga. Niliutazama mdomo ule uliofunguka kidogo, nikagundua kwamba niliipenda picha ile kwa sababu ndani yake hakuweza kunikataza. Nikabonyeza. Kamera ikaniuliza kama nina hakika, maana kamera huuliza. Nikabonyeza tena.

Baada ya hiyo ikaja ile ya moto.

Aliishika kamera mwenyewe, akaisogeza karibu na miwani. Aliitazama muda mrefu. Mzinga ulilia mara mbili, farasi wakapita wakikimbia, watu wakapiga kelele kubwa kuliko zote za mchana ule, na yeye bado anaitazama. Nilifikiri ataiacha. Nilianza hata kupanga namna ya kumshukuru.

"Moto ule uliwaka vizuri," akasema. "Tena kuni zilikuwa mbichi."

"Ndiyo."

"Unajua ni nini kiliniuma? Kuchekwa si kitu. Mimi mwenyewe ningeona viatu vile kwa mtu mwingine ningemcheka hadi Krismasi. Nilikuwa nadhani asubuhi ile ni yangu. Bendera iko chini, niko nyumbani. Tangu hapo kila nikikaa kitako najiuliza nani yuko nyuma ya hema."

Machozi yalikuwa yananitoka. Akaniacha nilie, kama alivyozoea kuniacha ninyamaze.

"Futa," akasema.

Nikafuta.

Katika sitini na mbili ilibaki moja. Ni picha mbaya. Doña Herminda amepiga magoti, pini tano mdomoni, jicho moja limefumba, anapima pindo la suruali ya Tito, na makalio ya Tito yamejaza nusu ya picha.

"Hii weka," akasema.

"Hii?"

"Kuza hapa. Hapo. Unaona mshono huo? Mishono kumi na miwili kwa kila kipimo cha dole gumba, kwa mkono, bila kupinda. Hii iweke kwenye maonyesho yako, kubwa. Halafu watu wa kaskazini waje na duara lao jekundu."

"Na Tito?"

"Tito ataona fahari. Ila huyo kamwombe mwenyewe." Akavua miwani, akairudisha kifuani. "Na mimi, ukinitaka, uniombe. Sauti umeshajua iko wapi, asubuhi umeamsha Wahispania. Nikikataa?"

"Nisipige."

"Na usininunie."

"Sitanuna."

"Utanuna kidogo. Sawa, kidogo ruksa."

Turubai likafunguliwa kwa kishindo. Alikuwa Don Evaristo, tope kutoka kofia hadi viatu, anahema, macho yanang'aa kama ya mtoto siku ya sherehe.

"Umeipata? Naza, niambie umeipata!"

"Nini, Don Evaristo?"

"Farasi! Alisimama kwa miguu ya nyuma, mimi nikaruka, nikazunguka hewani, watu elfu moja wakasimama! Miaka kumi na saba nangoja kuanguka vile! Umeipata?"

"Sikuwepo," nikasema. "Nilikuwa hapa."

Alinitazama, akaitazama kamera, akamtazama Doña Herminda juu ya gunia lake la viazi. Furaha ikamtoka taratibu. Vita vilikuwa vimeisha, na alikumbuka hilo lina maana gani. Akavua kofia. Akajipangusa mkono wa kulia kwenye koti, ukazidi kuchafuka, kisha akaunyosha.

"Basi, Doña Herminda. Tulisema vita vikiisha. Nipe huo ufunguo, tumalize kabla sijaanza kulia mbele ya msichana."

"Geuka," akasema Doña Herminda.

"Nini?"

"Nimesema geuka."

Don Evaristo akageuka. Suruali ya kapteni ilikuwa imepasuka kutoka kiunoni hadi karibu na goti, na ndani yake tuliona chupi ya timu ya mpira.

"Mtu huyu amezunguka hewani," Doña Herminda akaniambia mimi, "mbele ya watu elfu moja, hivi. Señor Basilio akiwa pale na lenzi yake." Akainuka, akautoa ule utepe mweusi shingoni, akaufungua ufunguo na kuelekea kwenye sanduku. "Vua, Evaristo. Ukimpa mtu mwingine ashone hiyo atatia zipu."

Señor Basilio, nimwongelee kidogo, hakupata picha ya anguko. Alikuwa anapiga farasi.

Jumamosi mbili baadaye tulikutana uani kwa Doña Herminda kufua nguo za vita. Kulikuwa na jua la majira ya baridi. Mashati arobaini yalining'inia kwenye kamba za nguo, na yeye alisimama katikati yake, povu hadi viwikoni, nywele zimemtoka kwenye kitambaa, na mwanga ulikuwa unapita kwenye mashati yale na kumfikia ukiwa mweupe kama maziwa. Nilitoa kamera. Mdomo ulinikauka kama siku zote.

"Doña Herminda, naweza?"

Nilisema kwa sauti ya kutosha hata Tito, aliyekuwa anasugua kola upande wa pili wa ua, akainua kichwa.

"Hapana," akasema, bila kugeuka.

Nikairudisha kamera kwenye begi. Nikanuna, kidogo. Kisha nikakunja mikono ya sweta, nikashika upande wa pili wa blanketi alilokuwa amelishika, yeye akasokota kulia, mimi kushoto, na maji yakaanza kutumwagikia miguuni.